Kitenzi Kilichotoka Mtoni

Watoto wa Marekani, enzi za simu za mezani, walikuwa na mzaha mmoja wa kuwasumbua watu wazima. Mtoto hupiga namba yoyote inayomjia kichwani, akakaza sauti ifanane na ya fundi, kisha akauliza kwa adabu zote kama friji ya nyumba hiyo inafanya kazi. Mama wa watu anageuza shingo kutazama jikoni, anasikia friji ikiunguruma, anajibu kwamba ndiyo, inafanya kazi vizuri tu. "Basi ikimbize uikamate, isije ikafika mbali!" Simu inakatwa, na upande wa pili watoto wanagaagaa sakafuni kwa kicheko.

Mzaha wote umebebwa na kitenzi cha herufi tatu, "run". Kwa Mwingereza na Mmarekani, friji inayofanya kazi na mwizi anayetoka mbio husemwa kwa neno lilelile, na anayeulizwa habari ya friji hana namna ya kujua mapema kwamba ameulizwa habari ya mwizi. Ukiusimulia kwa Kiswahili, mzaha unakufia mdomoni. Friji ya Mswahili huwaka, hugandisha, huunguruma usiku kucha, huungua umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo; haijapata kukimbia. Na mzaha unaokufa njiani kati ya lugha mbili unastahili kuchunguzwa, maana mara nyingi ulichofia ni kitu ambacho kila lugha ilikuwa imekichukulia kuwa ndivyo ulimwengu ulivyo.

Wanaotunga Kamusi ya Kiingereza ya Oxford wanaujua uzito wa neno hilo kuliko yeyote. Ilipofika zamu ya kulipitia upya kwa ajili ya toleo la tatu, kazi ilimwangukia mhariri Peter Gilliver, na ikamla miezi 9. Alipoinua kichwa, alikuwa amepanga maana 645 za kitenzi hicho peke yake, nomino yake ikiwa kando. Ingizo lake lilitolewa mwaka 2011. Mtu mzima, mwenye kiti na mshahara, alikaa miezi yote hiyo akijiuliza kama unavyofanya mto ni sawa na inavyofanya pua yenye mafua, na kama pua na treni zikae kwenye kifungu kimoja au kila moja ipewe chake.

Kazi ya namna hiyo ilianza kwa mikono. Chama cha Filolojia cha London kilitoa wazo la kamusi hiyo mwaka 1857, na mwaka 1879 akapewa uhariri Mskoti mmoja mwalimu wa shule, James Murray, ambaye alijenga banda la mabati uani kwake na kulijaza rafu za vishubaka. Aliwaomba wasomaji wa Kiingereza popote walipo wamsaidie: wasome vitabu, na kila wanapokutana na neno linalofaa waliandike kwenye kikaratasi. Kikaratasi chenyewe kilikuwa kama inchi 6 kwa 4. Kwenye kona ya juu kushoto, neno. Chini yake mwaka, jina la mwandishi, jina la kitabu, ukurasa. Kisha sentensi nzima, kama ilivyochapishwa, bila kupunguza wala kuongeza. Vilivyorithiwa kutoka kwa wahariri waliotangulia vilifika kwa uzito wa karibu tani mbili, vingine ndani ya magunia. Katika gunia moja alikutwa panya mfu, katika jingine mama panya hai na wanawe. Watoto wa Murray, ambao walifikia 11, walipata pesa ya pipi kwa kuvipanga kwa alfabeti. Ilikuwa imekadiriwa kwamba kamusi ingekamilika kwa miaka 10. Miaka 5 baadaye, kitabu cha kwanza kilipotoka mwaka 1884, walikuwa wamefika kwenye neno la Kiingereza la sisimizi, "ant". Murray alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1928.

Inafaa kukifikiria kikaratasi kimoja cha "run" kikiwa mkononi. Hakina maana. Kina sentensi tu: meli imefanya hivi, mtoto amefanya vile, wino umefanya hivi. Mhariri humwaga mamia ya vikaratasi vya namna hiyo mezani na kuanza kuvitenga mafungu, na mafungu yanayotokea ndiyo yanayoitwa maana. Neno halikuja likiwa na maana 645 mfukoni. Watu walilitumia kwa muda wa miaka elfu na zaidi, kila mmoja akilisukuma kidogo kutoka pale alipolikuta, kisha akaja mtu wa kamusi kuokota nyayo.

Kabla ya hesabu ya Gilliver, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", ambalo kwa Mswahili ni kuweka, kutega, kuzama kwa jua, kuganda kwa saruji na mengine mengi. Katika toleo la pili, la mwaka 1989 lenye majuzuu 20, "set" lilikuwa na maana 430 na maelezo ya maneno kama 60,000. Wahariri walipoanza kupitia upya, "make" ikalipita mwaka 2000, "put" ikaipita "make" mwaka 2007, kisha "run" ikazipita zote. Mwandishi Simon Winchester alilishika jambo hilo katika gazeti la The New York Times mwaka huohuo wa 2011 na kuliona kama ishara ya zama: "set" ni neno la watu waliotulia, "run" ni neno la watu wenye mashine na haraka.

Maelezo hayo yanapendeza, na yana ukweli ndani yake. Tatizo lake ni kwamba yanaingia kwenye hadithi katikati. Mashine zilipokuja zilikuta "run" imeshazoea kubeba vitu visivyo na miguu, na aliyeizoesha ni maji.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, neno lilikuwa "rinnan", na mara nyingi zaidi "irnan", herufi zikiwa zimerukana. Waviking waliolowea kaskazini na mashariki ya Uingereza walikuwa na lao, "renna", lililofanana na lile la wenyeji kama ndugu wa tumbo moja, na likalipa nguvu. Mjerumani hadi leo ana maneno mawili yaliyo jirani: "rennen" ni kwenda mbio, "rinnen" ni kutiririka. Wengi wa wachunguzi wa asili za maneno huurudisha ukoo huu wote kwenye mzizi wa kale uliohusu kutiririka, na hapohapo hulihusisha jina la mto Rhine. Hata maziwa yamo. Waingereza wa zamani waliyasema maziwa yanayoganda kwa kitenzi hikihiki, kwa kuwa yalikuwa yakikimbiliana na kushikamana, na dawa ya kugandishia jibini inaitwa "rennet" mpaka leo. Irabu ya "u" katika "run" ilitokea kwenye umbo la wakati uliopita, na kufikia karne ya 16 ilikuwa imewafukuza wenzake wote.

Kwa hiyo anayesema kwa Kiingereza kwamba pua inakimbia, au rangi ya nguo inakimbia ndani ya beseni, hapigi mafumbo. Hapo neno liko nyumbani kwao. Miguu ndiyo iliyokuja ugenini. Mtu aendaye mbio, machoni mwa waliozaa neno hili, alifanana na maji: mwendo usiokatika, unaoshuka, unaojipenyeza. Na maji hayana sababu ya kwenda. Hayamkimbii mtu wala hayamfuati. Ardhi imeinama, basi yanakwenda, na maji hufuata mkondo.

Kiswahili kina maji tele na hakikutaka kuyakabidhi kwa kitenzi kimoja. Maji hububujika chemchemini, hutiririka kijitoni, huchuruzika ukutani, huvuja darini, hufoka bomba likipasuka, humwagika, na yakimwagika hayazoleki. Machozi hulengalenga kabla hayajatiririka. Nguo mbaya hutoa rangi. Na kile ambacho Mwingereza hukiita maji yanayokimbia, yaani huduma ya bomba ndani ya nyumba, mkazi wa Dar es Salaam hukitaja kwa swali moja la asubuhi: "Maji yanatoka?" Hajali yanakwendaje. Anajali kama yamefika.

Kutoka mtoni neno lilipanda melini. Chombo chenye upepo nyuma yake hakipigi makasia wala hakisukumwi. Kinateleza juu ya maji kama sehemu ya maji, na mabaharia wa Kiingereza wakakisema hivyohivyo. Kwao ndiko ulikotoka msemo wa kukata kamba na kukimbia: adui ameonekana, hakuna muda wa kuvuta nanga, basi kamba yake hukatwa kwa shoka, nanga ikaachwa chini, tanga likashika upepo. Reli ya Liverpool hadi Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, treni nazo zikapewa kitenzi hicho bila ubishi, kwa kuwa zilifuata njia iliyochimbwa kama mto unavyofuata bonde. Baada ya treni, mtambo wa kiwandani, ambao hauendi popote lakini ndani yake kuna kitu kinachozunguka bila kukoma. Baada ya mtambo, kiwanda. Baada ya kiwanda, anayekisimamia. Hapo sarufi iligeuka kimyakimya: zamani kitu kilikimbia chenyewe, sasa mtu anakikimbiza kitu, na mkurugenzi wa Kiingereza "hu-run" kampuni, mwalimu mkuu shule, na kijana mwenye kompyuta programu.

Jaribu kulitafsiri hilo moja kwa moja uone maafa. Kukimbia shule ni utoro. Kukimbia kampuni ni habari ya polisi. Mswahili akisikia kwamba fulani amekimbia hoteli kwa miaka kumi, atauliza alikuwa anadaiwa kiasi gani. Kwetu kitenzi hiki kikipewa kitu mbele yake, kitu hicho ndicho kinachokimbiwa: mtu hukimbia vita, hukimbia deni, humkimbia mke na watoto. Asiyepata elimu huambiwa kwa utani kwamba alikimbia umande, maana njia ya shule asubuhi ilipita kwenye majani mabichi, na yeye hakutaka kulowa miguu.

Kwa kazi ya mkurugenzi Kiswahili kilichagua neno jingine kabisa, kuendesha. Kwenda, kisha kufanya kiende. Ndani yake mna mkono wa mtu. Gari huendeshwa, mkutano huendeshwa, kesi huendeshwa, nchi huendeshwa, na mitambo ya kompyuta ilipofika ikaingia kwenye safu bila kelele. Hapa lugha yetu imekuwa na macho kuliko Kiingereza. Kampuni inayo-"run" yaweza kudhaniwa inakwenda yenyewe. Kampuni inayoendeshwa lazima iwe na mwendeshaji, na ikitumbukia mtaroni kuna wa kuulizwa. Si kwamba Waswahili wanawauliza wakurugenzi wao mara nyingi zaidi. Sarufi imewaachia nafasi ya kuuliza, hiyo tu.

Ajabu ni kwamba lugha hizi mbili, baada ya kuachana kote huko, zinakutana chooni. Mtu mwenye tumbo la kuhara, kwa Kiswahili cha kila siku, anaendesha. Kwa Kiingereza cha mitaani ana "runs". Kila upande umechukua neno lake la kusimamia makampuni na kulikabidhi kwa tumbo. Ofisini huwa ni vyema kuangalia mazingira kabla ya kutangaza kwamba bosi anaendesha.

Asije mtu akadhani kuwa Kiswahili kina aibu ya kukitwisha kitenzi kimoja mizigo ya wengine. Kinacho chake, na mtunzi wa kamusi akikifikia hana budi kuagiza chai. Mtu hupiga mpira, hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga kura, hupiga mswaki, hupiga deki, hupiga hodi, hupiga magoti, hupiga miayo, hupiga chafya, hupiga mbizi, hupiga moyo konde, na akirudi nyumbani hupiga ubwabwa. Katika orodha yote hiyo anayeumizwa haonekani, labda ubwabwa. Kila lugha, inaelekea, huchagua tendo moja la mwili na kuligeuza kuwa mbeba mizigo wa jumla. Kiingereza kilichukua mwendo wa maji. Kiswahili kilichukua mkono unaoshuka juu ya kitu. Mtu angeweza kujenga falsafa nzima juu ya tofauti hiyo, na angekuwa amekosea kwa asilimia kubwa, kwa sababu "do" na "make" zinawatumikia Waingereza kama piga inavyotutumikia, na maneno hayachagui tabia za watu. Bado, pale ambapo lugha imezoea kupita, fikra huteleza kwa urahisi zaidi.

Uchaguzi unalionyesha hilo vizuri. Mwingereza anayetaka ubunge husimama. Mmarekani hukimbia. Mswahili hugombea. Anayesimama amejitokeza aonekane, na adabu inamtaka asubiri kuchaguliwa. Anayekimbia yuko uwanjani, kuna mstari mbele yake, na wa kwanza kuufikia ndiye mshindi. Anayegombea anataka kitu ambacho mwenzake tayari amekishika upande wa pili, na kitenzi hakimfichi: kugombea na kugombana ni mtu na ndugu yake. Kati ya hayo matatu, hili letu ndilo linalosema kweli zaidi kuhusu majimbo mengi, pamoja na yale ya Uingereza. Kiingereza kina neno la mpinzani, "rival", lililotoka kwenye Kilatini cha watu wanaoteka maji kwenye kijito kimoja, na hao nao walijua maana ya kugombea. Ama mgombea mwenza, anayetajwa katika sheria za uchaguzi za Tanzania na Kenya, kwa Kimarekani huitwa mkimbiaji mwenzi, na wa kwanza kubeba cheo hicho alikuwa farasi: yule aliyeingizwa mbioni ili kumwekea mwendo farasi mwingine wa banda lake. Hakutarajiwa kushinda. Makamu kadhaa wa rais katika historia ya Marekani wangelielewa zizi hilo.

Benki nazo zina mbio zao. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock ya Uingereza walisikia kwamba imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu, wakaenda kutoa akiba zao. Picha zilizozunguka dunia zilionyesha watu wamesimama, foleni imezunguka kona, wengine wameleta viti. Magazeti ya Kiingereza yakaita jambo hilo "run", mbio, ilhali hakuna aliyekuwa akisogea zaidi ya hatua moja kwa dakika kadhaa. Mswahili angelazimika kuamua jambo ambalo Mwingereza ameliacha wazi: watu hao waliikimbia benki, au waliikimbilia? Silabi moja katikati ya kitenzi inageuza uso wa mtu. Na jibu la kweli ni kwamba walifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Walikimbilia mlangoni kwa sababu walikuwa wanaikimbia.

Silabi hiyo ndogo ndiyo inayoufanya ukoo wa kukimbia uwe mpana. Kukimbia kuna kitu nyuma. Kukimbilia kuna kitu mbele, na mahali hapo pakithibitika kuwa pa salama panaitwa kimbilio, neno linalosikika makanisani na katika dua za wenye shida. Kukimbiza ni kumfanya mwingine akimbie, mwizi au kuku wa mgeni. Tanzania kuna hata wakimbiza mwenge, ambao hawamfukuzi yeyote. Wanautembeza Mwenge wa Uhuru wilaya hadi wilaya, na sehemu kubwa ya mbio hizo, kwa vile nchi ni kubwa, hukimbizwa kwa magari. Ni kweli pia kwamba gari jipya husifiwa kuwa linakimbia, na saa iliyotangulia dakika tano inakimbia. Lakini ukimwita mtoto uwanjani na kumwambia "kimbia!" bila maelezo, kabla hajainua mguu atageuka kutazama nyuma. Neno limemwambia kuna kitu.

Na Waswahili hawakuliwekea neno hilo aibu ambayo mtu angeitarajia. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema, na kwa shujaa huenda kilio: aliyekimbia amerudi kwake anasimulia, aliyebaki anaombolezewa. Mbio zenye lawama ni nyingine, zile za kujionyesha, mbio za sakafuni ambazo huishia ukingoni.

Kiingereza nacho kimewahi kuujua upande wa giza wa kukimbia. Magazeti ya Marekani ya karne ya 18 na 19 yalijaa matangazo mafupi ya mabwana waliotafuta watumwa wao waliotoroka, mengi yakianza na kitenzi hikihiki katika wakati uliopita, na pembeni pakiwekwa kichapa cha picha, kimoja kwa wote: mtu mdogo mweusi, fimbo begani, furushi kwenye ncha ya fimbo, mguu mmoja umeinuliwa. Mpiga chapa alikuwa nacho tayari kwenye kisanduku pamoja na herufi, kama alivyokuwa na picha ya meli na ya farasi. Lakini aliyekimbia namna hiyo alibaki "runaway", mtoro, mali iliyopotea. Kwa mtu anayekimbia akiwa na haki ya kupokelewa, Kiingereza kiliazima neno la Kifaransa. Mfalme Louis XIV alipofuta Amri ya Nantes mwaka 1685, Waprotestanti wa Ufaransa walimiminika ng'ambo, London ikiwa mojawapo ya walikofikia, na jina lao likaja nao: "refugee". Tangu hapo anayekimbia mbio na anayekimbia vita wamekaa katika nyumba mbili zisizojuana.

Kwa Kiswahili wanakaa nyumba moja, vyumba viwili. Mkimbiaji na mkimbizi. Shina ni moja. Kinachowatenganisha ni mkia wa neno. Mkia wa mkimbizi unasikika kama ule wa kukimbiza, kana kwamba lugha inakumbuka kuwa nyuma yake kulikuwa na mwenye kufukuza. Katika kambi za Nyarugusu mkoani Kigoma na Kakuma huko Turkana, neno hili limeandikwa kwenye fomu na mabango kwa miongo, likiwahesabu Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini, na baadhi yao wakalijua kabla ya kukijua Kiswahili chenyewe.

Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, Michezo ya Olimpiki ilikuwa na timu ya wakimbizi. Wanamichezo walikuwa 10, na 5 kati yao walikuwa Wasudani Kusini waliotokea Kakuma na kufanyia mazoezi Ngong, nje ya Nairobi, chini ya Tegla Loroupe, Mkenya aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni. Wote 5 walikuwa wa riadha. Usiku wa ufunguzi uwanjani Maracanã, bendera ya timu ilibebwa na Rose Nathike Lokonyen, wa mita 800. Watangazaji wa Kiingereza walipata kazi ya kueleza jinsi "refugee" alivyogeuka kuwa "runner", safari ndefu kutoka neno hadi neno. Mtangazaji wa Kiswahili alikuwa na kazi tofauti, ya kuangalia asiteleze ulimi.

Miongoni mwa waliopita kwenye timu ya Loroupe alikuwamo Dominic Lokinyomo Lobalu, aliyeikimbia Sudan Kusini utotoni na kukulia Kenya. Mwaka 2019 alipelekwa Geneva kushiriki mbio za barabarani. Alikimbia. Baada ya mbio akaiacha timu na hoteli yao, akaomba hifadhi Uswisi. Kocha wa klabu ya St. Gallen, Markus Hagmann, alimchukua akamfundisha, na mwaka 2022 alishinda mita 3,000 huko Stockholm katika Diamond League, bila kuwa na nchi ya kuandikwa mbele ya jina lake. Suala la uraia liliendelea kuwakwaza wenye mamlaka. Juni 2024, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Rome, aliruhusiwa kuvaa jezi ya Uswisi na akachukua dhahabu ya mita 10,000 na shaba ya mita 5,000. Miezi miwili baadaye, Paris, kanuni za Olimpiki hazikumruhusu kuvaa jezi hiyo. Alikimbia mita 5,000 akiwa timu ya wakimbizi, na akamaliza wa nne.